Aneurizimu ya Ubongo kwa Mtoto Mchanga: Kutoka Wodi ya Kaunti hadi Chumba cha Angio

Pima uzito kwanza. Mtoto avuliwe nguo, awekwe kwenye mizani, na kilo zake ziandikwe kwa kalamu nzito juu ya faili kabla hata simu ya rufaa haijapigwa. Mtoto wa kilo 5 ana damu ya mililita 400 hivi mwili mzima, yaani 80 kwa kila kilo. Ukimtoa mililita 5 za vipimo mara nane, umeshamwondolea sehemu moja ya kumi ya damu yake. Dawa, maji, kontrasti (dawa inayofanya mishipa ionekane kwenye picha), joto, hata oksijeni ya safarini, vyote vinahesabiwa kutoka kwenye ile namba ya mizani. Katika mwongozo huu tutamtumia mtoto wa kilo 5 kama mfano tangu mwanzo hadi mwisho. Wako akiwa na kilo 3 au 8, rudia hesabu.

Maelezo haya ni ya wauguzi, maafisa wa kliniki, madaktari na watu wa eksirei wanaompokea mtoto kwanza Kisumu, Kakamega, Bungoma, Kericho au Nakuru, na ya wale wanaopanga meza ya angiografia (angio: kupiga picha za mishipa ya damu kwa kutumia katheta, yaani mpira mwembamba unaopitishwa ndani ya mshipa) upande wa pili wa rufaa. Kupitisha katheta hadi ubongoni ni kazi ya timu iliyofunzwa kazi hiyo. Lakini anayemtuma mtoto asipojua kinachomngoja kule, atamtuma akiwa amepungukiwa na kitu.

Ni ugonjwa gani huu

Aneurizimu ni sehemu ya ateri (mshipa unaotoa damu moyoni) iliyotuna kwa sababu ukuta wake umedhoofika. Watoto wote kwa jumla hawafikii asilimia 5 ya wagonjwa wa aneurizimu, na walio chini ya mwaka mmoja ni nadra zaidi. Kwa wachanga, ateri ya kati ya ubongo ndiyo inayoathirika mara nyingi, na uvimbe huwa mkubwa ukilinganishwa na kichwa chenyewe. Jambo linaloamua matibabu ni umbo. Kuna uvimbe wenye shingo, kama kibuyu kilichoning'inia kwenye mti. Na kuna ule ambao ateri yenyewe imetanuka pande zote, mara nyingi kwa sababu tabaka la ndani limechanika na damu ikapenya kati ya matabaka. Huo wa pili hauna shingo ya kuziba, na kwa wachanga unaonekana sana kuliko kwa watu wazima. Upo pia ule unaoletwa na vijidudu, hasa kwa mtoto mwenye kasoro ya moyo au aliyewekewa mpira kwenye mshipa mkubwa. Huu hukaa mbali, kwenye matawi madogo.

Kumtambua

Mtoto hawezi kusema kichwa kinamuuma. Utaona kilio kikali kisichotulizwa hata na titi, kutapika, kukataa kunyonya, degedege, weupe wa ghafla kwenye midomo na viganja, na utosi uliovimba na kukaza. Utosi uguse mtoto akiwa ameketishwa na ametulia, kwa maana utosi wa mtoto yeyote hujaa akilia au akilazwa. Tazama pia kama kope moja imelegea au mboni moja imetanuka.

Kando ya Ziwa, degedege na homa humpeleka kila mtu kwenye malaria. Pima malaria, ndiyo, na uitibu ukiikuta. Ila katika eneo ambalo vimelea viko kwa watu wengi, kipimo chanya hakielezi weupe wa ghafla pamoja na utosi uliokaza. Usifunge faili hapo.

Kosa la pili liko kwenye maji ya uti wa mgongo. Mtoto anashukiwa homa ya uti, sindano inatoka na damu, kisha inaandikwa kwamba sindano iligusa mshipa. Kusanya vichupa vitatu kwa mfuatano. Damu ikififia hadi cha tatu, huenda kweli ni sindano. Ikibaki ile ile, fikiria damu iliyovuja kichwani. Kisha zungusha kichupa kwenye sentrifuji: maji ya juu yakibaki ya manjano, damu hiyo imekuwepo kwa saa nyingi (isipokuwa mtoto mwenyewe ana umanjano, hapo kipimo hiki hakisaidii). Mtoto mwenye mboni zisizolingana, aliyelegea upande mmoja au anayezidi kuzimia asichomwe kabisa. Picha ije kwanza.

Kabla ya kutaja aneurizimu, ondoa ugonjwa ulio wa kawaida zaidi na wenye tiba ya bei ndogo: upungufu wa vitamini K. Muulize mama: "Mama, mtoto alidungwa sindano ya vitamini K pajani alipozaliwa?" Kisha thibitisha kwenye kitabu cha mama na mtoto. Wanaoshikwa zaidi ni wa wiki 2 hadi miezi 6 wanaonyonya maziwa ya mama pekee ambao hawakupata sindano hiyo. Toa damu ya kupima kuganda, kisha mpe miligramu 1 ya vitamini K polepole mshipani bila kungoja majibu. Akiendelea kuvuja, mpe plasma mililita 10 hadi 15 kwa kilo. Rudia kipimo baada ya saa 4 hadi 6. Kuganda kukiwa sawa tangu mwanzo, au kukirekebika huku picha ikionyesha damu iliyojikusanya karibu na ateri kubwa, hapo fuata aneurizimu kwa dhati.

Kupigwa na kutikiswa huleta damu kichwani pia. Chunguza macho kwa ndani, piga eksirei ya mbavu na mifupa mirefu, uliza kwa upole. Kumhukumu mzazi kabla ya kuona mishipa ya mtoto wake ni dhuluma, na kutouliza kabisa ni kumtelekeza mtoto.

Picha

Anza na ultrasaundi kupitia utosi, papo hapo kitandani. Inaonyesha damu kwenye ventrikali (vyumba vya maji ndani ya ubongo) na donge kubwa, lakini damu nyembamba juu ya uso wa ubongo huikosa. Kwa hiyo ultrasaundi safi haimwondolei mtoto haja ya CT. CT ianze bila kontrasti. Ikionyesha damu na mashine inaweza, fuatisha CT ya mishipa kwa kontrasti mililita 2 kwa kilo. Kwa mfano wetu ni mililita 10. Andika kiasi hicho na saa yake mahali pa kuonekana. Kikomo cha kontrasti ya kawaida (miligramu 300 za ayodini kwa mililita) kwa mtoto mchanga huwekwa karibu mililita 5 kwa kilo, basi huyu ana 25 tu. Akifika chumba cha angio siku hiyo hiyo zimebaki 15, na timu isipojua, watahesabu kwamba wana 25.

Kumtuliza wodini

Kichwa kiinuliwe nyuzi 30 na kielekee katikati. Shingo ikipinda, damu ya vena (mishipa inayorudisha damu moyoni) hukwama na shinikizo la kichwa hupanda. Sukari ipimwe mara moja na kila saa. Ikiwa chini ya milimoli 2.5 kwa lita, mpe dekstrosi ya asilimia 10, mililita 5 kwa kilo (kwa aliye chini ya mwezi mmoja, 2 kwa kilo). Kama kuna dekstrosi ya 50 pekee, chukua mililita 5 uchanganye na 20 za maji ya sindano: umepata 25 za asilimia 10, dozi kamili ya kilo 5. Ile ya 50 yenyewe haiingii kwenye mshipa wa mtoto mchanga.

Degedege lizimwe haraka, maana kila tukio hupandisha presha na presha hupasua tena palipopasuka. Aliyezidi mwezi mmoja apewe diazepamu kwa njia ya haja kubwa miligramu 0.5 kwa kilo, yaani 2.5. Likiendelea, fenobabitoni miligramu 20 kwa kilo kwa dakika 20. Hapa ni miligramu 100, ambayo kwenye kichupa cha miligramu 200 kwa mililita ni nusu mililita tu, basi iongezwe maji kabla ya kuisukuma. Baada ya dawa hizi mbili pumzi inaweza kusimama. Mfuko wa kupumulisha wenye barakoa ndogo uwe juu ya kitanda, si kabatini.

Manitoli (dawa ya kupunguza uvimbe wa ubongo) iwekwe akiba kwa mtoto anayeonyesha dalili za ubongo kubanwa: mboni inatanuka, mapigo yanashuka, anakakamaa. Gramu 0.5 kwa kilo ni gramu 2.5, sawa na mililita 12.5 za manitoli ya asilimia 20 kwa dakika 20. Ikitolewa kwa mtoto aliyekwisha kupungukiwa na damu, presha huanguka. Akiwa mweupe, seli nyekundu mililita 10 hadi 15 kwa kilo zitangulie. Omba kundi la damu na ulinganishaji mapema. Chupa moja igawanywe kwenye mifuko midogo ili mtoto asipokee damu ya watu watatu.

Simu na safari

Piga kabla ya kuwasha gari. Chumba chenye mashine ya angiografia hakimaanishi kuna mtu wa kuingia kwenye ateri ya mtoto wa kilo 5, wala katheta za kumtosha. Uliza mambo matatu: nani atamfanyia, kuna daktari wa usingizi wa watoto, kuna kitanda cha ICU ya watoto baadaye. Nawe useme uzito, umri, saa ya dalili za kwanza, picha ilionyesha nini, kontrasti kiasi gani, kipimo cha kuganda, damu iliyoongezwa na dawa za degedege. Picha za CT zitumwe zenyewe kamili. Picha ya skrini iliyopigwa kwa simu haitoshi kupima shingo ya aneurizimu.

Kutoka Kisumu hadi Eldoret ni kama kilomita 120. Hadi Nairobi kwa barabara ni karibu 350. Oksijeni ihesabiwe hivi: mtungi wa saizi E uliojaa una lita 680 hivi. Kwa lita 2 kwa dakika unakaa saa 5 na dakika 40. Safari ya saa 7 ikizidishwa mara mbili (gari huharibika, foleni hutokea) inataka lita 1,680, yaani mitungi mitatu. Na kumbuka mlima. Kisumu iko karibu mita 1,130 juu ya bahari, lakini barabara ya Nairobi hupita Mau Summit, zaidi ya mita 2,400. Mtoto aliyekuwa na oksijeni nzuri wodini anaweza kushuka baada ya Kericho bila kitu chochote kuharibika. Ongeza oksijeni kabla ya kupanda, usingoje kengele ya mashine. Baridi ya huko juu nayo ni ya kweli: kofia ya sufu, na mtoto akumbatiwe kifuani kwa mama ikiwa hali yake inaruhusu.

Mama na baba waelezwe kabla ya kuondoka, kwa maneno ya kawaida: "Mama, Baba, mshipa wa damu ndani ya kichwa cha mtoto ulituna, ukavuja. Daktari atapita na mpira mwembamba kuanzia pajani hadi kichwani, auzibe kwa ndani bila kufungua fuvu. Anaweza kuvuja tena njiani au mezani." Sentensi ya mwisho isirukwe. Na mtoto aandikishwe SHA (bima ya afya ya serikali) kama tegemezi wa mzazi kwa karatasi ya taarifa ya kuzaliwa. Hilo lifanywe na ndugu aliyebaki, mtoto asicheleweshwe kwa sababu yake.

Kufunga: titi la mwisho saa 4 kabla ya dawa ya usingizi, maziwa ya kopo saa 6, maji matupu saa 2. Dripu yenye dekstrosi iendelee wakati wote wa kufunga.

Ndani ya chumba cha angio

Chumba kipashwe joto hadi nyuzi 24 au zaidi kabla mtoto hajaingia. Mashine hupenda baridi, mtoto haimfai. Akishuka chini ya 36 damu haigandi vizuri na usingizi hautoki. Godoro la joto, kichwa na miguu vifunikwe, kipimajoto kikae mwilini.

Ateri ya paja ya mchanga ina upana wa milimita 2 hadi 3. Ala (mrija mfupi wa kuingizia katheta) ya Fr 4 huitwa hivyo kwa kipimo cha ndani; Fr moja ni theluthi ya milimita. Kwa nje inakaribia milimita 2. Ndiyo kusema ikiwa ndani, mguu unapata damu kidogo sana. Hapa ndipo madhara mengi ya kazi hii yanapotokea, mbali kabisa na ubongo. Tumia ala ndogo iwezekanavyo (Fr 3 au 4), chini ya ultrasaundi, sindano nyembamba ya geji 21 au 22, kitambaa kilichokunjwa chini ya nyonga ili kinena kijitokeze, na ukuta wa mbele pekee utobolewe. Mchomo wa tatu usipofanikiwa, abadilishwe mtu au upande. Kwa mtoto wa siku chache ateri ya kitovu bado yafaa. Kwa hiyo wodi inayomtuma isikate kitovu kifupi, na ikifunike kwa shashi yenye maji ya chumvi.

Maji ya kusafisha katheta ni mtego. Mifuko ya shinikizo inayotumika kwa watu wazima haifai. Weka pampu za sindano. Njia mbili zikienda mililita 10 kwa saa kila moja, kwa saa 3 ni 60, na hayo ndiyo maji yote anayohitaji mtoto huyu kwa muda huo (mililita 4 kwa kilo kwa saa). Daktari wa usingizi ayatoe kwenye dripu yake. Heparini (dawa ya kuzuia damu kuganda) ya humo iwe yuniti 1 kwa mililita. Mchanganyiko wa watu wazima wa yuniti 5 ungempa 300 kimyakimya, zaidi ya dozi nzima ya kuanzia.

Dozi hiyo ni yuniti 50 kwa kilo: 250. Kichupa kina 5,000 kwa mililita, basi 250 ni mililita 0.05, kiasi ambacho hakuna mkono unaokipima sawasawa. Chukua mililita 1, ongeza 49 za maji ya chumvi, upate 100 kwa mililita, 2.5 ndiyo dozi. Sindano iandikwe jina, na mtu wa pili aisome kwa sauti. Penye aneurizimu iliyopasuka, timu nyingi hungoja koili (uzi laini wa platinamu wa kujaza uvimbe) ya kwanza ikae ndipo watoe heparini. Muda wa kuganda unaolengwa ni sekunde 200 hadi 250. Protamini (dawa ya kuondoa nguvu ya heparini) iwe imeshavutwa: miligramu 1 kwa kila yuniti 100, hapa 2.5.

Kontrasti isukumwe kwa mkono, mililita 2 au 3 kwa picha, ikichanganywa nusu kwa nusu na chumvi. Msaidizi mmoja kazi yake iwe kuhesabu na kutaja kilichobaki. Mionzi ipunguzwe: ondoa gridi, funga dirisha la eksirei hadi eneo la kazi, punguza idadi ya picha kwa sekunde.

Aneurizimu yenye shingo hujazwa koili za platinamu, aina iliyoanza kutumiwa kwa wagonjwa mwaka 1990. Katheta ndogo ya Fr 1.7 au pungufu huingia ndani ya uvimbe, ncha ikae mbali na paa lake. Koili ya kwanza inalingana na kipenyo au inapungua kidogo, kwa sababu kubwa hupasua. Zinazofuata huwa ndogo zaidi. Ile isiyo na shingo mara nyingi hutibiwa kwa kuifunga ateri yenyewe, na hapa mtoto ana nafuu kuliko mzee, maana njia zake za kando za damu ni nzuri. Huwezi kumjaribu akiwa macho, kwa hiyo tazama upande wa pili: vena za pande zote mbili zikijaa karibu wakati mmoja ateri inapozibwa kwa muda, kuna tumaini kwamba ubongo utavumilia. Tawi la mbali lenye uvimbe wa vijidudu huzibwa kwa gundi iliyochanganywa na lipiodoli (mafuta yanayoonekana kwenye eksirei), na antibiotiki huendelea wiki 4 hadi 6. Katheta isafishwe kwa dekstrosi ya asilimia 5 kabla ya gundi. Ikikuta chumvi au damu ndani, inaganda njiani na katheta inanasa. Vyuma vya kutandazwa ndani ya ateri tunavitilia shaka kwa umri huu: vinadai dawa mbili za kuzuia damu kuganda, na ateri itakua ilhali chuma hakikui.

Presha ikiruka ghafla na mapigo yakashuka, uvimbe umetobolewa. Katheta isivutwe nje. Protamini itolewe, presha ishushwe, koili ziendelee kuingia hadi uvujaji ukome. Ateri ikijibana kwa kuguswa, rudisha katheta nyuma na ungoje dakika 5 hadi 10; kulazimisha kunaichana.

Baadaye

Ala ikitoka, bonyeza kwa vidole viwili, si kwa kiganja, dakika 15 au zaidi, kiasi cha kuzuia damu huku mapigo ya mguuni yakihisika. Kagua mapigo, rangi na joto la mguu kila dakika 15 saa ya kwanza, kila 30 saa mbili zinazofuata. Mguu mweupe, wa baridi, usio na mapigo ni donge kwenye ateri: ultrasaundi mara moja, na heparini iamuliwe na timu nzima kwa kuangalia kichwa pia. Titi lirudi mara tu anapoamka na kumeza vizuri.

Kila siku mzunguko wa kichwa upimwe mahali pale pale. Katika miezi 3 ya kwanza kichwa hukua kama nusu sentimita kwa wiki. Sentimita moja au zaidi kwa wiki, utosi unaojaa, au macho yanayozama chini kama jua la magharibi, ni maji yaliyokwama kichwani na yanataka daktari wa upasuaji wa ubongo siku hiyo. Kwa familia za Busia na Bungoma, Hospitali ya watoto ya CURE iliyoko Mbale, Uganda, ng'ambo ya Malaba, hufanya upasuaji huo.

Picha ya mishipa irudiwe kati ya miezi 3 na 6, kisha baada ya mwaka, kwa sababu koili hushindiliwa na uvimbe unaweza kujaa tena. Chanjo ziendelee kwa ratiba ile ile. Na kwenye kitabu cha mama na mtoto, ukurasa wa mbele, iandikwe tarehe ya matibabu, ateri iliyotibiwa, kwamba kuna koili za platinamu na kwamba MRI yaruhusiwa, ateri ya paja iliyotumika, na tarehe ya picha ijayo. Faili itabaki Eldoret au Nairobi. Kitabu hicho ndicho mama atakachokuwa nacho zahanati ya kijijini mtoto atakapopata homa usiku.